Kodi ipi hiyo? Reti za nyumba Mombasa na namna ya kuzilipa kwa simu bila kupotea

Wiki chache zilizopita tulikuwa Marikiti, sisi vijana wa huduma kwa wateja, tukisaidia watu kubadilisha namba za siri na kujibu maswali ya hapa na pale. Kwenye kibanda kimoja cha viungo, nyuma ya magunia ya bizari na iliki, mama mmoja akaniita kwa mkono.

“Mwanangu, wewe si ndiye wa simu? Hebu nisomee hapa. Kodi nalipa kila mwezi, siruki hata mmoja. Sasa naambiwa nadaiwa kodi. Kodi ipi hiyo?”

Akanipa simu. Jumbe zake alikuwa amezihifadhi vizuri kuliko vijana wengi ninaowajua. Zilikuwa za aina mbili. Za kwanza ni za kila mwezi: shilingi 800 kwa wakala wa mwenye ardhi, kwa sababu nyumba anayokaa kule Majengo ni yake lakini kiwanja si chake. Za pili ni za kila Januari: shilingi 3,000 kwenda kwa kaka yake mkubwa, “za nyumba ya baba”. Nyumba hiyo iko Kibokoni, Mji wa Kale. Baba alishafariki, warithi ni wanne, na kila mmoja hutoa elfu tatu ili zitimie elfu kumi na mbili za kaunti.

Sasa mdogo wao anataka kuwalipa wenzake hisa zao na kuichukua nyumba ya baba. Mahakama ya Kadhi imeshagawanya mafungu, hakuna ugomvi. Wakili akaomba karatasi moja tu: cheti cha kaunti kwamba ploti haidaiwi. Walipoenda kukitafuta, wakaambiwa ploti ina deni la miaka sita pamoja na riba, laki na ushei. Mauzo yakasimama. Na nyumbani, kama unavyojua, maneno yakaanza: pesa zetu zilikwenda wapi?

Nimeandika makala hii kwa sababu ya swali la yule mama. Si yeye peke yake anayeuliza. Na jibu lake lina sehemu mbili: kwanza kujua ni kodi ipi, pili kujua simu yako ilimlipa nani.

Neno moja, malipo matano

Kiswahili kimetupa neno moja, “kodi”, kwa vitu ambavyo havina uhusiano. Mpangaji akimlipa mwenye nyumba, ni kodi. Mwananchi akiilipa serikali, ni kodi. Hapa Mombasa tumeongeza nyingine zetu, kwa hiyo ukisikia “umelipa kodi?” una haki ya kuuliza “ipi?”

Kuna kodi ya nyumba, ile anayolipa mpangaji wa chumba. Hii sote twaijua.

Kuna kodi ya kiwanja. Hii ni ya mtu mwenye nyumba yake juu ya ardhi ya mwingine, mpango wa tangu zamani hapa kisiwani. Ni mapatano kati yako na mwenye ardhi. Serikali haimo.

Kuna reti. Kwenye bili utaona imeandikwa Land Rates. Hizi ni za kaunti, kila mwaka, na hutozwa kwa ardhi. Katiba ya 2010, kifungu cha 209, ndiyo inayozipa kaunti uwezo wa kutoza reti za mali. Ndizo zinazotakiwa kuzoa taka na kutengeneza njia za mitaa. Tukianza kujadili kama zafanya hivyo hatutamaliza leo.

Kuna kodi ya ardhi ya serikali kuu, kwenye karatasi huitwa Land Rent. Majina yanakaribiana sana na hapo ndipo watu huteleza. Hii hulipwa na mwenye ardhi ya lisi, yaani ardhi uliyopewa na serikali kwa miaka maalum, kwa mfano 99. Huilipa kupitia eCitizen, na namba ya biashara ya eCitizen ni 222222. Kama hati yako ni ya milki kamili isiyo na kikomo cha miaka, ile watu huita friholdi, huna malipo haya. Nyumba nyingi za Mji wa Kale ziko upande huo, na sababu yake ni ya kihistoria. Ardhi nyingi za zamani hapa pwani ziliandikishwa chini ya sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, wakati ukanda wa maili kumi ulikuwa bado ukihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Aliyethibitisha ardhi ni yake aliandikiwa hati ya milki kamili. Kwa hiyo ukiambiwa “wa Mji wa Kale hawalipi kodi ya ardhi”, mtu huyo yuko nusu sawa. Hawalipi ile ya serikali kuu. Ya kaunti wanalipa, friholdi au si friholdi.

Ya tano ni kodi ya mapato ya pango, ya KRA. Ukikodisha nyumba ya watu kuishi na mapato yako ya kodi kwa mwaka yakawa kati ya Sh288,000 na Sh15,000,000, unatakiwa kulipa asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea. Kiwango hiki kilianza Januari 2024, kabla ya hapo kilikuwa asilimia 10. Unajaza na kulipa kila mwezi, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Yaani ukiwa na vyumba vitatu Makadara vinavyokuletea elfu thelathini kwa mwezi, hiyo ni laki tatu na sitini kwa mwaka, umo ndani, na ya kila mwezi ni Sh2,250. Kulipa hii hakupunguzi deni la reti hata shilingi. Ofisi mbili, vitabu viwili.

Kwa hiyo yule mama alikuwa amelipa kodi kweli. Alilipa ya kiwanja cha Majengo, mwezi kwa mwezi. Iliyokuwa inadaiwa ni reti ya Kibokoni.

Kaunti hupiga hesabu vipi

Watu wengi huamini reti hutozwa kwa ukubwa wa nyumba. Kwa desturi ya hapa, hesabu hutegemea thamani ya kiwanja chenyewe, kana kwamba hakijajengwa. Kaunti ina orodha ya uthamini. Kila ploti imeandikwa humo na thamani yake, na kila mwaka kaunti hutoza asilimia fulani ya thamani hiyo. Tufanye orodha inasema kiwanja chako ni Sh400,000 na asilimia iliyopitishwa ni 3. Reti yako ni Sh12,000 kwa mwaka. (Namba hizi ni za mfano tu. Zako zimo kwenye bili yako.)

Maana yake ni kwamba mlango wa nakshi na roshani ya mbao havikuongezei reti. Nyumba ya ghorofa tatu na gofu lililobomoka jirani yake, viwanja vikiwa sawa, huandikiwa sawa. Wengine huona si haki. Mimi naona angalau ukikarabati nyumba ya nyanya yako huadhibiwi kwa kuipendezesha, na Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kukarabati peke yake ni gharama ya kutosha.

Upande wa pili wa mambo ni kwamba orodha za uthamini huzeeka. Nairobi ilitumia orodha ya mwaka 1982 kwa karibu miaka arubaini. Orodha ikiwa ya zamani bili huwa ndogo, na siku ikitengenezwa mpya bili huruka. Desemba 2024 nchi ilipata sheria mpya ya kitaifa ya reti, iliyochukua nafasi ya zile mbili za zamani, kwa hiyo usishangae kaunti zikianza kuthamini upya. Orodha mpya ikitolewa, hufunguliwa kwa watu kuiangalia na kuna muda wa kuipinga. Muda huo ukipita, umeikubali. Kama umesikia uthamini unafanywa mtaani kwenu, nenda ukaitazame ploti yako imeandikwa nini: jina, ukubwa, matumizi. Ploti ya makazi ikiandikwa ya biashara utaisikia mfukoni.

Nyumba za ibada na makaburi zimesamehewa reti. Lakini usidhani kila kitu kinachoitwa wakf kimeingia kwenye msamaha huo. Msikiti ni msikiti, duka la wakf lililokodishwa ni jambo jingine. Kama unasimamia mali ya namna hiyo, ulizia ploti hiyo yenyewe, usiende kwa mazoea.

Nyumba yako, kiwanja cha mwingine

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu wateja wetu wengi wa Majengo na mitaa ya karibu wako katika hali hii.

Kama una nyumba ya Kiswahili juu ya kiwanja cha mtu, reti ni za mwenye kiwanja, kwa kuwa jina lake ndilo liko kwenye hati na kwenye orodha ya kaunti. Wewe unamlipa yeye kodi ya kiwanja, yeye anailipa kaunti. Isipokuwa kama maandishi yenu yanasema vingine. Kuna wenye ardhi huwaandikia wenye nyumba kwamba reti watagawana. Soma karatasi yako.

Sasa mtu atasema, kama si zangu zinanihusu nini? Zinakuhusu. Mwenye kiwanja asipolipa kwa miaka, deni hukaa juu ya ardhi, na kaunti yaweza kwenda mahakamani kulidai. Juu ya ardhi hiyo kumesimama ukuta wako, bati lako na chumba cha mwanao aliyeoa mwaka jana. Na siku mwenye ardhi akitaka kuwauzia ninyi wenye nyumba (nafasi ambayo wengi huisubiri maisha yao yote), mauzo yatakwama kwa cheti kilekile kilichoikwamisha nyumba ya Kibokoni. Kwa hiyo si ufidhuli kumuuliza wakala wake, kwa adabu, kama reti za ploti zimelipwa. Na kabla ya kununua nyumba ya namna hiyo kwa mtu, uliza mambo mawili: kodi ya kiwanja imelipwa mpaka lini, na ardhi inadaiwa kiasi gani.

Jambo jingine: risiti za kodi ya kiwanja ni ushahidi wako kwamba uko pale kwa mapatano. Wazee walikuwa na vitabu vya risiti. Sasa twatuma kwa simu, na ujumbe unasema tu umetuma kwa fulani, hausemi ni za nini. Mwombe wakala aandike risiti hata kama umelipa kwa simu, na iandikwe jina lako, nyumba na mwezi. Wakala akibadilika, hakikisha umepata jina la mpya kutoka kwa mwenye ardhi mwenyewe. Tumeona wateja waliomtumia wakala wa zamani miezi kadhaa baada ya kazi kumtoka.

Deni hufuata ploti

Reti hazimfuati mtu. Zinafuata ploti. Baba akifariki, bili haifi naye, inaendelea kuandikwa kwa jina lake, Januari baada ya Januari. Ndiyo maana nyumba za urithi ndizo zenye madeni makubwa: kila mrithi anadhani mwingine amelipa, na bili inatumwa kwa marehemu.

Riba ndiyo inayoumiza. Kiwango kiko kwenye bili yako, lakini tuchukue asilimia 2 kwa mwezi, riba isiyozaa riba, tuone. Reti ya Sh12,000 ikichelewa, kila mwezi inaongeza Sh240. Kwa mwaka ni Sh2,880. Yaonekana si kitu. Sasa usilipe miaka kumi. Reti zenyewe ni Sh120,000. Riba: ya mwaka wa kwanza imekua kwa miaka kumi, ya mwaka wa pili kwa miaka tisa, hivyo hivyo mpaka ya mwisho. Jumlisha zote, ni Sh158,400. Riba imelipita deni. Kwa jumla unadaiwa Sh278,400 kwa kitu ambacho kilikuwa elfu moja kwa mwezi.

Na siku utakapotaka kuuza, kugawa au kuhamisha jina, ndipo mlango unafungwa. Kwa kawaida, kabla ya uhamisho kuandikishwa huombwa maandishi ya kaunti kwamba reti zimelipwa. Ardhi ya lisi huhitaji na cha serikali kuu pia. Hakuna njia ya pembeni hapa, na anayekwambia ipo anataka kitu kidogo.

Kaunti mara kwa mara hutangaza msamaha. Soma tangazo vizuri: kwa kawaida kinachosamehewa ni riba na faini, si reti zenyewe. Kwa mfano wetu wa juu, msamaha wa riba yote ungeacha Sh120,000 za kulipa, na zingetakiwa ndani ya muda uliotangazwa. Ni nafuu kubwa. Kama familia yenu ina deni la zamani, huo ndio wakati wa kuchangishana. Lakini kukaa bila kulipa ukisubiri msamaha ni kamari, maana hakuna anayekuahidi kwamba utakuja mwakani.

Simu yako ilimlipa nani?

Turudi Kibokoni. Kaka mkubwa hakula pesa. Alilipa kwa simu kila mwaka, na alikuwa na jumbe zote sita. Tulipozisoma pamoja, pale kibandani, tukaona tatizo. Ploti za kisiwa cha Mombasa huandikwa kwa bloki zenye namba za Kirumi. Hati ya baba ilisema XVII. Yeye aliandika XVI. Herufi moja imepotea. Miaka sita familia ilikuwa ikilipia ploti ya mtu mwingine, ambaye pengine alikuwa akishangaa mbona bili yake imekwisha.

Hakuna aliyeona kwa sababu ujumbe wa simu ulisema malipo yamekubaliwa. Na yalikubaliwa kweli. Ujumbe wetu unathibitisha kwamba pesa zimefika kwenye namba ya biashara. Hauthibitishi kwamba zimeandikwa kwenye ploti yako. Hilo linathibitishwa na risiti ya kaunti peke yake. Nakwambia hivi nikiwa mtu wa kampuni ya simu, kwa hiyo niamini.

Basi ukitaka kulipa, anza na bili, si simu. Pata bili ya mwaka huu kutoka kwa kaunti, kwenye mfumo wao wa malipo mtandaoni au ofisini. Bili itakuwa na namba ya biashara na namba ya akaunti ya kujaza. Iweke mbele yako pamoja na hati, ulinganishe namba ya ploti na jina. Kisha ingia Lipa Bili, jaza namba ya biashara, jaza namba ya akaunti herufi kwa herufi kama ilivyo kwenye bili, na mwambie mtu mwingine ndani ya nyumba aisome kwa sauti kabla hujaendelea. Mwanafunzi wa darasa la sita anatosha kabisa. Soma jina la anayepokea. Ndipo uweke namba ya siri.

Muamala mmoja hauwezi kuzidi Sh250,000, na kwa siku ni Sh500,000. Deni kama lile la Sh278,400 utaligawa mara mbili. Akaunti iwe ileile mara zote mbili.

Baada ya siku chache toa bili tena. Deni linatakiwa liwe limeshuka. Lisiposhuka, hapo ndipo unapiga simu, si baada ya miaka sita. Ukigundua umekosea namba dakika hiyohiyo, tupigie mara moja. Lakini nitakuwa mkweli: pesa zikishaingia kwenye namba ya biashara, hatuwezi kuzivuta bila mwenye namba hiyo kukubali. Ukishachelewa, njia ni kwenda kaunti na jumbe zako, hati na barua ya kuomba malipo yahamishiwe ploti sahihi. Jumbe ulizofuta waweza kuzipata kwa kutuomba taarifa ya akaunti yako.

Halafu kuna wezi. Msimu wa msamaha wa reti ukitangazwa, nao huamka. Ujumbe unakuja: “Lipa leo upate punguzo, tuma kwa namba hii”, na namba yenyewe ni ya mtu binafsi. Wengine hupiga wakijiita maafisa wa ardhi, na wanajua hata jina la marehemu. Kaunti haikusanyi reti kwenye simu ya mtu. Namba ya biashara ichukue kwenye bili uliyoitafuta wewe, usiichukue kwenye ujumbe uliotumiwa kwenye kundi la mtaa, hata kama aliyeutuma ni ami yako na anajua sana. Na anayekuuliza namba ya siri ni mwizi, hata akijiita mfanyakazi wetu.

Mchango wa familia

Nyumba za urithi zina shida yake, maana mlipaji ni mmoja na wachangaji ni wengi. Wengine wako Mombasa, wengine Muscat au London. Nimeona familia zinazofanya vizuri, na mtindo wao unafanana. Wanamchagua mmoja wa kulipa, halafu kila mmoja anaona karatasi. Pesa zinatumwa kwake, ndiyo, lakini akishalipa anaweka kwenye kundi la familia vitu vitatu: bili ya kabla, ujumbe wa malipo na risiti ya kaunti. Si kwamba hawamwamini. Risiti humlinda yeye kwanza. Kaka mkubwa wa Kibokoni angekuwa amelala usingizi wake siku zile ndugu zake walipokuwa wanamtazama kwa jicho la pembeni.

Kama unalipa peke yako na elfu kumi na mbili za mara moja zakushinda, igawe. Sh1,000 kwa mwezi, au Sh250 kwa wiki kama biashara yako ni ya siku kwa siku. Iweke kwenye akiba ya simu ambayo hukatii nauli na vocha. Anza kuitoa kabla ya tarehe ya mwisho iliyo kwenye bili, kaunti nyingi hutaka iwe imelipwa kabla Machi haijakwisha. Baadhi ya ofisi hukubali pia kupokea deni la zamani kwa mafungu ukiandikiana nao. Uliza, na upewe mapatano hayo kwa maandishi.

Yule mama nilimpitia tena Alhamisi iliyofuata. Walikuwa wamepeleka jumbe sita zilizochapishwa, hati na barua, na wameambiwa warudi kuona malipo yakihamishwa. Mauzo bado yamesimama, lakini kaka mkubwa amerudi kula chakula cha mchana kwa dada yake. Akanionyesha simu. Jina la wakala wa kiwanja amelibadilisha, sasa limeandikwa KIWANJA MAJENGO. Ile nyingine ameiandika RETI YA BABA, na chini yake, kwa herufi kubwa zenye nafasi katikati, X V I I.